YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA MAZOEZI YA VITENDO KATIKA SOMO LA KIINGEREZA

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi,
Lindi.

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Muhula wa kwanza umefikia mwisho, na mwanao anarudi nyumbani na ripoti inayoonyesha alama za kila somo, mahudhurio yake na tarehe ya kufungua shule. Makubaliano ya kikao cha wazazi kuhusu uji yanabaki kama yalivyo. Sehemu yote iliyobaki ya barua hii nimeitenga kwa jambo moja ambalo wazazi kadhaa wamelifuata ofisini kwangu: kwa nini daftari la Kiingereza lina kurasa chache zilizoandikwa, na kwa nini wakipita karibu na shule wanasikia kelele darasani na kuwaona watoto wakikimbia, wakinadi bidhaa, au wamekaa wakipeana migongo. Swali hilo ni la haki.

Mtoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akichaguliwa kidato cha kwanza hukutana na Baiolojia, Jiografia na Hisabati kwa Kiingereza. Aliyekariri maana za maneno mia mbili lakini hajawahi kuuliza swali hata moja kwa lugha hiyo atakaa kimya, na mwalimu wake mpya atadhani ni mzito wa kuelewa. Tena, kwa watoto wengi wa hapa Kiingereza ni lugha ya tatu, kwani walianza na Kimwera, Kimakonde, Kiyao au Kimachinga kwa bibi zao, ndipo wakapata Kiswahili. Kiswahili hicho hawakukipata kwa kunakili ubaoni. Walikipata kwa kusikia, kujaribu, kukosea na kujaribu tena, kwa sababu walikuwa na jambo la kumwambia mtu.

Naomba pia tufanye hesabu ndogo. Kipindi ni dakika 40. Darasa likiwa na wanafunzi 60 na kila mmoja akapewa zamu ya kuzungumza peke yake, hata mwalimu asipofungua kinywa chake kabisa, kila mtoto atapata sekunde 40 tu. Lakini wakiwekwa wawili wawili kwa dakika kumi, kila mmoja anaweza kuzungumza dakika tano. Kelele mnazosikia ni jozi thelathini zinazozungumza kwa wakati mmoja, na kazi ya mwalimu wakati huo ni kuzunguka, kusikiliza na kukumbuka makosa ya kurekebisha mwishoni.

Zoezi la kupeana migongo lina sababu yake. Mtoto mmoja hushika picha, mwenzake hushika penseli na karatasi tupu, na yule mwenye picha hueleza kwa Kiingereza mahali ilipo nyumba, mnazi na mtumbwi, mpaka mwenzake achore. Wangekuwa wanatazamana, wangeoneshana kwa kidole na maneno yasingehitajika. Wakimaliza hulinganisha michoro miwili, na mtumbwi ukionekana juu ya paa wote wawili hujua mara moja ni neno gani la mahali lililowaponza, kabla mwalimu hajasema lolote. Nalipenda zoezi hili kuliko mengine yote, kwa sababu mtoto hujisahihisha mwenyewe.

Kukimbia nako ni imla. Aya fupi hubandikwa ukutani nje ya darasa. Mmoja hukimbia kuisoma, hubeba sentensi kichwani, na kurudi kumtamkia mwenzake aiandike. Humo mna kusoma, kukumbuka, kutamka, kusikiliza na kuandika. Kwa madarasa ya chini tunaanza na amri za mwili: mwalimu husema simama, gusa dirisha, inua mkono wa kushoto, nao hutenda bila kulazimishwa kusema, maana sikio hutangulia ulimi. Soko la darasani mnalijua, kwa kuwa ninyi ndio mliotuletea makopo matupu. Vizibo vya soda ndiyo fedha, na watoto hupatana bei ya pweza, mihogo na nazi.

Darasa la sita walifanya kazi iliyonifurahisha sana. Walisoma habari ya mjusi mkubwa wa kale ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, katika mkoa wetu huu, kati ya mwaka 1909 na 1913, na sasa amesimamishwa katika makumbusho ya mjini Berlin, Ujerumani, akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mwalimu alitandaza kamba ya mita 13 uwanjani, watoto wakalala kandokando yake mmoja baada ya mwingine wapate kujua kimo hicho ni sawa na watoto wangapi. Waliporudi darasani, maswali yalikuwa mengi kuliko muda uliokuwepo, na yote yalikuwa kwa Kiingereza, ingawa mengine yalikuwa na makosa.

Kuhusu makosa, naomba tuelewane. Kiswahili kina “yeye” mmoja kwa mwanamume na mwanamke, hivyo mtoto akimwita mama yake “he” hajawa mzembe. Lugha yake haijawahi kumtaka achague. Kiswahili kina irabu tano, ndiyo maana “ship” na “sheep” zinasikika sawa masikioni mwake. Lakini yeye anayesema thelathini na dhahabu bila shida ameshazipata sauti mbili ambazo wageni wengi wa Kiingereza huhangaika nazo kwa miaka. Walimu huanzia hapo kwenye nguvu yake. Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi nilivalishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani, na nilichojifunza siku ile ni kunyamaza. Katika shule hii hakuna mtoto atakayevalishwa kibao, na Kiswahili kinaruhusiwa pale kinapofungua maana.

Daftari hatujalitupa. Darasa la saba lina mtihani wa taifa mwezi Septemba, na kuandika kunaendelea kila wiki. Ila sasa mtoto anaandika alichokwisha kukisema.

Wakati huu wa likizo wengi wenu mko kwenye ufuta, na watoto watakuwa nanyi shambani. Sidai mjue Kiingereza. Mwombe mwanao akutajie vitu kumi vya jikoni, kisha kesho yake akutungie sentensi moja kwa kila kitu. Au jioni akusimulie kisa cha sungura na fisi kwa Kiswahili kwanza, halafu akirudie kwa Kiingereza kwa mdogo wake. Akikwama, msubiri. Akikosea, ndugu zake wasimcheke, kwa kuwa mtoto aliyechekwa nyumbani hutuchukua wiki nyingi kumfanya anyooshe mkono tena.

Siku ya kufungua shule, kila mwanafunzi aje na kimoja kati ya hivi: boksi tupu la kukatia kadi, mfuko wa saruji uliokung’utwa vizuri kwa ajili ya chati za ukutani, au vizibo vya soda visivyopungua ishirini. Mzazi anayetaka kujionea mazoezi haya anakaribishwa darasani siku yoyote ya masomo. Apitie kwanza ofisini, kisha atakaa na watoto, na huenda akapewa penseli na mtu wa kupeana naye mgongo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu

Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Shule