Pikipiki ya kijana mwoga ipimwe kwa mguu wake

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nijibu suala lililoulizwa na mzazi mmoja wa Chake Chake, hapa Pemba, aliyetaka kujua ni pikipiki ipi ya kupitia njia za shamba inayomfaa mwanawe wa miaka 14, mtoto ambaye, kwa maelezo ya mzazi mwenyewe, ana hamu kubwa ya kujifunza lakini huingiwa na hofu mara tu injini inapowaka. Majibu yaliyofuata karibu yote yalipendekeza mashine kubwa, kwa hoja kwamba mtoto anakua haraka na fedha haipatikani kila mwaka. Mimi ni bwana shamba mstaafu. Kazi yangu ilinipitisha kwa pikipiki katika vijia vya mikarafuu kutoka Konde hadi Kengeja, na tangu nilipostaafu nimekuwa nikiwafundisha kuendesha vijana wa jamaa zangu. Kwa uzoefu huo nathubutu kusema kwamba ushauri uliotolewa, ingawa una nia njema, unaufaa mfuko wa baba kuliko unavyomfaa mtoto.

Tumezoea kumnunulia mtoto sare ya skuli iliyo kubwa ili aivae miaka miwili, na sare haina neno, kwani suruali ikipwaya hukunjwa. Pikipiki haikunjwi. Kijana anayepanda mashine ambayo kiti chake kimempita kiuno hufika chini kwa ncha ya kidole gumba cha mguu mmoja tu, na kila anaposimama hulazimika kuiegemeza mashine upande mmoja, nayo ikishavuka kiasi fulani cha kulala hawezi tena kuizuia kwa nguvu zake. Anaanguka akiwa amesimama, mbele ya wenzake, bila hata kwenda mwendo wowote. Nimewaona vijana wakiacha kabisa kujifunza kwa sababu ya maanguko ya namna hiyo, ambayo hayaumizi mwili hata kidogo, na wazee wao wakasema mtoto ni mwoga wa kuzaliwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza kununuliwa ni futi ya fundi cherehani. Kijana asimame ukutani bila viatu, apimwe urefu wa mguu wa ndani, yaani kutoka kwenye msamba hadi sakafuni, na kipimo hicho kilinganishwe na urefu wa kiti unaotajwa na kiwanda. Buti humwongezea sentimita mbili au tatu, na kiti nacho hushuka kidogo anapokalia, kwa kuwa shokomzoba hubonyea. Mwendeshaji hodari haoni tabu kufika chini kwa vidole. Anayeanza kwa woga anahitaji nyayo zote mbili zilale ardhini, na hapo mzazi asikubali kupunguziwa hata kidogo.

Tukichukua mashine ndogo za njia za udongo zinazotengenezwa na viwanda vya Kijapani, hesabu huwa hivi. Yamaha TT-R110E ina kiti kilicho takriban sentimita 67 kutoka ardhini na uzito wa kilo 72 hivi. Honda CRF110F iko karibu na sentimita 66 na kilo 77. Kawasaki KLX110R hukaribia sentimita 68 na kilo 76. Hatua inayofuata ni Yamaha TT-R125LE, yenye kiti cha sentimita 80 na uzito wa kilo 90 hivi, na Honda CRF125F, ambayo imekuwa ikitengenezwa kwa magurudumu ya aina mbili, madogo na makubwa, hivyo hata kiti chake kikawa na urefu wa aina mbili. Kawasaki wao huitoa KLX140R kwa urefu wa viti vitatu tofauti juu ya injini ile ile, kuanzia sentimita 78 hivi hadi 86. Zile ambazo baadhi ya wasomaji walizipendekeza, kama TT-R230 na CRF250F, zina viti vya sentimita 87 au 88 na uzito wa kilo 114 hadi 120, na ni mashine nzuri sana kwa baba wa mtoto huyo.

Uzito nao upewe haki yake, kwani pikipiki ya shamba lazima itaanguka. Kijana mwoga akijua kwamba ataweza kuiinua mwenyewe bila kumwita mtu, hofu yake hupungua zaidi ya inavyopunguzwa na maneno yetu ya kumtia moyo. Nikiwa na mwanafunzi mpya huilaza pikipiki chini kwa makusudi, injini ikiwa imezimwa, nikamwambia ainyanyue. Akishindwa, hiyo si yake bado.

Baada ya urefu na uzito linakuja suala la klachi, na hapa nitarefusha kidogo kwa sababu ndipo woga unapojificha. Mwanafunzi wa kawaida hutakiwa kufanya mambo manne kwa wakati mmoja: mkono wa kushoto uachie klachi taratibu, wa kulia uongeze mafuta, mguu wa kushoto ukumbuke gia, na macho yatazame njia. Akikosea kimoja, mashine huruka au injini huzimika. Mtoto jasiri hucheka na kupiga kiki tena, lakini mwoga hukaza mikono, na mkono wa kulia ukikaza eksileta hufunguka, basi hofu yenyewe ndiyo inayompeleka kwenye mti. Mashine tatu za cc 110 nilizozitaja zina gia nne na klachi inayojiendesha yenyewe, klachi ya mpango ule ule wa Honda Super Cub iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1958 na ambayo wazee wa visiwa hivi wanaifahamu vyema. Kijana hubadilisha gia kwa mguu, na akisimama ghafla injini haizimiki. Zaidi ya hayo, TT-R110E na CRF110F zina skrubu ya kuzuia eksileta isifunguke hadi mwisho, ambayo mzazi huilegeza kadiri mtoto anavyozoea. Kwa mtoto anayeshtushwa na injini inapowaka tu, skrubu hiyo ina thamani kuliko rangi na stika zote.

Wapo wanaosema kwamba asiyeanza na klachi ya mkono hataijua kamwe. Sikubaliani nao. Klachi hujifunza kwa wiki chache mtu ambaye tayari anajua kupinda, kufunga breki na kusimama juu ya vikanyagio, kwa kuwa hapo anaongeza jambo moja tu juu ya yale anayoyajua. Ikiwa mguu wa kijana umefikia sentimita 78 au 80, mashine ya cc 110 itambana magoti na itakuwa haki kumnunulia TT-R125LE au KLX140R ya kiti cha chini, zote zikiwa na klachi ya mkono lakini injini ya upole inayovuta kutoka mwendo wa chini.

Neno upole linanikumbusha hatari ya herufi. Honda wamewahi kutengeneza CRF150F na CRF150R. Ya kwanza ni pikipiki tulivu ya njia za msituni, na ya pili ni mashine ya mashindano ambayo nguvu zake hulipuka injini inapozunguka kwa kasi. Yamaha YZ85 na Kawasaki KX85 nazo ni za mashindano, tena za mipigo miwili, na umbo lao dogo humdanganya mzazi akadhani ni za watoto wanaoanza. Muuzaji akisema ni ndogo, aulizwe ni ya njia au ya mashindano, na jibu likiwa la kubabaisha mzazi aende zake.

Kuhusu pikipiki za barabarani kama Boxer na TVS, ambazo msomaji mmoja alishauri zifungwe tairi za meno makubwa, nitasema machache. Zina uzito wa zaidi ya kilo 100, shokomzoba zake zina mwendo mfupi, na zimeundwa kubeba abiria na mizigo juu ya lami. Spea zake zipo kila mahali, hilo ni kweli, na ndiyo sifa pekee inayomfaa mtoto huyu. Mashine ndogo za Kichina zilizoiga injini ya Cub nazo si haba kwa spea. Atakayeichagua achunguze kwa makini maungio ya chuma, breki na spoki kabla ya kumpa mtoto.

Anayenunua iliyotumika, na wengi wetu huko ndiko tutakakofikia, atazame kwanza kutu, kwani hewa ya chumvi hula spoki na maungio ya fremu kabla haijagusa injini. Atikise gurudumu la mbele upande kwa upande kusikiliza beringi, atazame meno yanayoshika cheni kama yamechongoka, na aiwashe ikiwa baridi. Muuzaji anayeipasha moto kabla mnunuzi hajafika huwa na lake jambo. Faida ya TT-R110E na KLX110R ni kwamba zinatumia kabureta, kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa ambacho fundi yeyote wa Wete au Mkoani ataweza kukifungua na kukisafisha. Honda CRF110F iliingia mfumo wa sindano za mafuta kuanzia toleo la mwaka 2019, nao unahitaji fundi anayeujua.

Fedha ya kofia, glovu na buti zinazofunika kifundo cha mguu itengwe kabla ya bei ya pikipiki haijapatanwa, kwa sababu baada ya hapo haitaonekana. Kofia iwe ya saizi ya mtoto. Kofia ya baba inayocheza kichwani humziba macho, na kijana asiyeona vizuri ana sababu ya haki ya kuogopa.

Pikipiki hizi hazina taa za barabarani, honi wala vioo, na mtoto wa miaka 14 hana leseni, kwa hiyo zichukuliwe kwa gari hadi shambani na zibaki huko. Ruhusa ya mwenye shamba iombwe na sheha ajulishwe. Msitu wa Ngezi ni hifadhi, si uwanja wa mazoezi, na katika msimu wa karafuu, majamvi yanapotandikwa kandokando ya njia, injini izimwe na pikipiki isukumwe. Masomo ya mwanzo yasifanywe wakati wa masika. Udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza hata kwa anayetembea kwa miguu, na vilima vya Pemba havina huruma. Kiangazi, kwenye uwanja tambarare wenye majani mafupi, mtoto aanze kwa kuisukuma ikiwa imezimwa, kisha aiwashe na kukaa juu yake bila kwenda popote, hadi sauti yake iwe kitu cha kawaida masikioni mwake. Mimi hapo huwa sisemi kitu. Anayeamua kutia gia ya kwanza ni yeye, hata ikiwa atangoja hadi jioni ya pili, na ndugu zake wanaotaka kumcheka huwatuma dukani.

Mwisho, kupitia gazeti lenu nina ombi kwa wafanyabiashara wanaoagiza pikipiki hizi kutoka Dubai na Japani. Pamoja na bei na ukubwa wa injini, tuandikieni urefu wa kiti na uzito, na mzazi anapokuja na mtoto wake mruhusuni mtoto akae juu ya mashine dakika chache akiwa na viatu vyake, kabla fedha haijahesabiwa.

Wenu katika kuelimishana,
Bwana shamba mstaafu,
Wete, Pemba