Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Waenda kwa Miguu, Uchumi na Afya ya Mkoa wa Dar es Salaam

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Hesabu mtazisikia kwa mweka hazina, nami sitazirudia. Nitajikita katika hoja ambayo kamati imeibeba mwaka mzima kila ilipoitwa ofisini au kwenye mkutano wa mtaa, nayo ni kwamba njia ya waenda kwa miguu ni miundombinu ya uchumi kama ilivyo barabara yenyewe, wala si pambo la kuongezwa fedha zikibaki.

Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wetu una watu 5,383,728. Wengi wao hawana gari, na hata apandaye daladala huianza safari yake kwa miguu na kuimaliza kwa miguu. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Mei 2016 katika Barabara ya Morogoro, njia za waenda kwa miguu zilijengwa sambamba na barabara ya mabasi, na mwaka 2018 jiji letu likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Tulistahili. Lakini abiria anayeshuka Kimara bado ana kilima cha kupanda hadi nyumbani kwake, na huko ndani ya mitaa ndiko njia inakokatikia: mtaro hauna mfuniko, kifusi cha mwenye nyumba kimemwagwa tangu mwaka juzi, bodaboda zimepangwa pale pale mtu alipotakiwa apite.

Kamati ilitenga asubuhi kadhaa kusimama kwenye vipande vya namna hiyo, nami nitaeleza kimoja tu. Mfuniko wa mtaro ulikuwa umevunjika, na kila apitaye alilazimika kushuka barabarani hatua chache kuukwepa. Wanafunzi walishuka wameshikana mikono. Mama mmoja aliyetoka Feri na ndoo ya samaki kichwani, maji yakimchuruzika hadi begani, alisimama muda mrefu pembeni, kwa sababu mwenye ndoo kichwani hawezi kugeuza shingo kutazama kinachokuja nyuma yake. Muuza vitumbua wa hapo alikuwa amekwisha kuhama. Tuliandika barua, tukafuatilia, tukaandika tena, na hatimaye mfuniko ukawekwa. Haukupita muda muuza vitumbua akarudi, na pembeni yake likafunguliwa genge la nyanya na vitunguu.

Nimeieleza habari hiyo kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna uchumi wote tunaouzungumzia. Biashara ndogo hufuata miguu. Aliye ndani ya gari hulipita genge bila kuliona, ilhali atembeaye huliona, husalimia, huulizia bei, na mara nyingi hununua. Nauli aliyoiokoa kwa kutembea haipotei. Jioni hugeuka mchicha, nazi na mkaa, tena kwenye mtaa wake mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo sikubaliani na wanachama wanaotaka chama kiunge mkono kuwaondoa machinga wote kandokando ya njia. Zoezi la kuwapanga upya la mwaka 2021 lilifungua njia nyingi, na hilo ni jema, lakini mfanyabiashara aliyepelekwa mahali pasipopita watu amepelekwa mahali pasipo na soko. Nafasi ya kupita na nafasi ya kuuza zichorwe pamoja tangu mwanzo.

Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mwenye kutembea kwa haraka dakika 15 kwenda kituoni na 15 kurudi, siku tano, amekwisha kuzitimiza bila kununua raba za mazoezi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza alichapisha utafiti kuhusu mabasi ya ghorofa ya London, akaonyesha kwamba makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa. Makonda wetu wa daladala wangefurahi kuisikia habari hiyo, ingawa moshi wanaouvuta ni hesabu nyingine. Mbio za pole za Jumamosi ni nzuri, nami hushiriki goti linaponiruhusu, ila kisukari na shinikizo la damu havingoji Jumamosi.

Faida hiyo ya afya hufutika pale mtu anapogongwa akivuka. Ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani mwaka 2021, na waenda kwa miguu ni zaidi ya mmoja katika kila watano.

Sina budi kukiri upungufu wetu. Hatukufanya ukaguzi hata mmoja usiku, wakati mama ntilie na walinzi hutembea gizani, na hatukumwalika mtumiaji wa kiti cha magurudumu katika ukaguzi wowote. Kamati inapendekeza ukaguzi wa kwanza wa mwaka ujao ufanyike saa 11 alfajiri, kabla taa za barabarani hazijazimwa, ili tujue ni zipi zinazowaka. Naomba mkutano uipokee taarifa hii, kisha tuingie katika ajenda ya ada.