Kokoto zako hazijaibiwa, zimezama

Mteja wetu mmoja wa Goba alipiga simu masika yakiwa yamekolea. "Fundi, kila mwaka namwaga tripu ya kokoto toka getini hadi barazani. Zinaenda wapi?"

Tulipofika tukapiga sururu kwenye alama ya tairi. Shubiri moja tu chini, kokoto za miaka yote zilikuwa zimelala ndani ya tope jekundu kama njugu kwenye kashata. Udongo wa mfinyanzi ukilowa unalainika, gari linakandamiza, kokoto zinashuka na tope linapanda. Hapo hata umwage tripu kumi, unailisha ardhi tu.

Kwa hiyo kazi kubwa iko chini, pale ambapo mteja haoni na (tuseme ukweli) hapendi kulipia. Tunachimba sentimita 25 hivi, tunashindilia kitako, kisha tunatandika kitambaa maalumu kinachopitisha maji lakini kinazuia udongo usichanganyike na mawe. Juu yake tunaweka mawe yaliyovunjwa, sentimita 10, maji kidogo, kisha kompakta (mashine ya kushindilia). Halafu 10 nyingine, vivyo hivyo. Kupitisha Noah mara tatu si kushindilia. Kokoto za juu zinatosha sentimita 5. Zikizidi, gari linahangaika kama liko ufukweni.

Chukua kokoto za kuvunjwa zenye kona, kama za Lugoba, maana zinashikana. Za duara ziache kwenye bustani. Pembeni weka kabistoni (mawe ya kingo), la sivyo zitatawanyika hadi kwenye maua.

Maji ndiyo adui mkubwa. Katikati ya njia pawe juu, kila mita ishuke sentimita 2 au 3 kuelekea pembeni, na mtaro uyapokee. Usiuelekeze kwa jirani. Hiyo kesi hatuiwezi. Na kama geti lako liko kwenye mteremko mkali, hatukuuzii kokoto kabisa. Weka zege, mvua ya kwanza isije ikazipeleka barabarani.

Unaponunua, uliza mita za ujazo, maana tripu ya kila dereva ina kipimo chake. Njia ya mita 15 kwa 3, tabaka la juu linataka mita za ujazo 2.25, ongeza kidogo.

Yule wa Goba tulizifukua kokoto zake za zamani, tukazichekecha na kuziosha. Tabaka la juu lote lilitoka humo humo.