Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: viungo vinapotelea mlango wa kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeipitisha katika wodi ya upasuaji wa figo, kibofu na njia ya mkojo. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si la hospitali moja, na kwa sababu wenye shida hii hawajisemei. Ugonjwa wao uko mahali ambapo mtu hapataji mbele za watu, wakati mwingine hata mbele ya mama yake.

Nianze na mvulana mmoja, ndiyo kwanza anabalehe. Aliamka usiku na maumivu makali, akatapika, akamwambia mama yake tumbo linamuuma. Kituo cha kwanza walimbonyeza tumbo, wakampa dawa ya maumivu, wakamrudisha nyumbani. Hakuna aliyemvua suruali. Kesho yake korodani ya kushoto ilikuwa imevimba na kuiva wekundu. Wakasema ni maambukizi, wakamwandikia antibayotiki. Alipofika kwetu ilikuwa siku ya tatu. Daktari alipoifungua ilikuwa nyeusi tii, tukaitoa. Mama yake akaniuliza, "Sista, ningemleta hapa usiku ule ule, ingepona?" Nilimwambia ukweli, kwamba huenda ingepona. Sijapata kutoa jibu zito kuliko lile.

Korodani inaning'inia kwenye kamba inayobeba mishipa ya damu. Kwa baadhi ya wavulana haikushikizwa sawasawa ndani ya mfuko wake, inachezacheza kama ulimi wa kengele, na siku moja inajizungusha. Kamba inajisokota, damu inakatika. Ikifunguliwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, zaidi ya korodani 9 katika kila 10 huokoka. Ikipita siku nzima, zinazookoka ni chache mno. Dalili hazihitaji mashine: maumivu ya ghafla, kutapika, korodani iliyopanda juu na kulala upande, na ukimkuna mtoto paja kwa ndani, korodani haiinuki kama inavyotakiwa. Ultrasaundi ya kuangalia mtiririko wa damu ni kipimo kizuri pale penye shaka na penye mashine karibu. Lakini mtoto mwenye dalili hizi zote kuwekwa kwenye benchi akisubiri mpimaji aripoti kazini asubuhi ni kosa, Mheshimiwa, na linafanywa na watu wema wanaodhani wanafuata utaratibu. Huyo ni wa kupelekwa moja kwa moja kwenye meza ya upasuaji, na korodani ya pili ishonewe mahali pake siku hiyo hiyo, kwa maana nayo mara nyingi ina kasoro ile ile.

Najua nitakachoambiwa: haya ni magonjwa adimu, na wizara ina mengi. Ni kweli kila moja likihesabiwa peke yake ni adimu. Yakijumlishwa, yanajaza wodi yangu. Na huo uadimu ndio hoja yangu. Mhudumu wa kituo cha kwanza anaweza kukutana na ugonjwa wa namna hii mara moja au mbili katika utumishi wake wote, usiku, akiwa peke yake. Hatuwezi kumtaka aukumbuke kutoka darasani. Tunachoweza ni kumwekea maandishi ukutani na ruhusa mkononi.

Lipo jingine ambalo watu wakilisikia hucheka, na kicheko hicho kimewaumiza wengi. Uume unasimama bila hamu yoyote na unakataa kulala. Madaktari huuita priapismu. Kwa watoto, chanzo kikubwa ni selimundu. Chembe za damu zenye umbo la mundu huziba njia ya damu kutokea, damu iliyonaswa inaishiwa oksijeni, na nyama za ndani zinaanza kufa. Mpaka wake ni muda wa saa 4 tangu usimame. Ukivukwa, hiyo ni dharura. Ikifika saa 36, wengi hawatasimamisha tena maishani. Sasa mfikirie kijana wa miaka 16 aliyeamshwa na hali hiyo usiku wa manane. Anamwamsha nani? Anajifunika shuka hadi kunakucha, anaondoka nyumbani akidanganya anakoenda, anafika mapokezi anaulizwa shida yake kwa sauti mbele ya foleni, anasema mgongo. Nimewapokea vijana wa namna hii wakiwa wameshapita siku mbili.

Tiba yake inajulikana na haihitaji jengo jipya. Ganzi, sindano nene ubavuni mwa uume, kuivuta ile damu nyeusi, kusafisha kwa maji ya chumvi, kisha dozi ndogo ndogo za fenilefrini, dawa ya kubana mishipa ya damu, kila baada ya dakika chache huku shinikizo la damu likiangaliwa. Kwa muda wa kama saa moja hivi utajua imekubali au anahitaji upasuaji. Kumpa mgonjwa wa selimundu maji, oksijeni na damu ni sawa, ila si badala ya sindano, na bado naona watu wakisubiri maji hayo yafanye kazi. Damu hiyo hiyo iliyovutwa hutoa jibu jingine pia: ikiwa nyekundu ing'aayo, yenye oksijeni, kwa mtu aliyepigwa au kuanguka vibaya na asiye na maumivu makubwa, hiyo ni aina nyingine inayotokana na mshipa uliopasuka, na haina haraka. Kuzichanganya aina hizi mbili ni kumtesa mmoja na kumpoteza mwingine.

Upo pia uozo wa sehemu za siri ambao Mfaransa Jean Alfred Fournier aliueleza mwaka 1883 na ukabaki na jina lake. Siku hizi tunauona zaidi kwa wenye kisukari. Mtego wake ni kwamba ngozi huonekana imeguswa kidogo tu, kumbe chini yake nyama zinaoza saa hadi saa. Maumivu yakiwa makubwa kuliko kinachoonekana, na ukibonyeza ukasikia kama hewa inachakarika chini ya ngozi, antibayotiki peke yake haitamwokoa. Akatwe uozo siku hiyo hiyo.

Kwa watoto wachanga wa kiume hasara huja kimyakimya. Mmoja kati ya kama 5,000 hadi 8,000 huzaliwa na utando unaoziba mrija wa mkojo kwa ndani. Mkojo unarudi nyuma, kibofu kinakuwa kigumu, figo zinaharibika, wakati mwingine tangu tumboni mwa mama. Akipatikana anawekewa mpira wa mkojo kwanza, anapigwa picha akiwa anakojoa, kisha utando unakatwa kwa kifaa chembamba chenye kamera. Baada ya kufunguliwa anaweza kumwaga mkojo mwingi mno hadi chumvi za mwilini zivurugike, kwa hiyo wa kumlinda usiku ule ni muuguzi, na baada ya hapo afuatiliwe hadi ukubwani, maana wapo ambao figo hushindwa hata baada ya upasuaji mzuri. Ninachoomba hapa ni swali moja siku ya chanjo: "Mama, mtoto akikojoa mkojo unaruka, au unadondoka tu?"

Na ziko stenti zinazosahaulika. Ni bomba laini linalowekwa kati ya figo na kibofu, mara nyingi kwa sababu ya mawe, na kwa kawaida halitakiwi kupita miezi 3 hadi 6 bila kutolewa au kubadilishwa. Mgonjwa akipata nafuu anaendelea na maisha yake, nasi tunaendelea na wengine. Bomba linakaa mwaka, miaka, chumvi za mkojo zinaganda juu yake hadi linageuka jiwe refu, na kulitoa kunahitaji upasuaji zaidi ya mmoja. Wengine tunawapokea figo imeshakufa. Hili halina ugumu wa utambuzi hata kidogo, sisi wenyewe ndio tuliolipachika. Linataka daftari lenye jina, tarehe ya kutoa, na mtu mwenye jukumu la kupiga simu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba waraka mfupi wenye saini yako. Useme kwamba kila mwanamume au mvulana mwenye maumivu ya ghafla ya tumbo la chini akaguliwe korodani, faraghani, kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Useme kwamba anayeshuku msokoto wa korodani, priapismu au uozo wa Fournier ampeleke mgonjwa hospitali yenye upasuaji bila kungoja barua ya rufaa wala picha, na asiadhibiwe hata ikibainika alikosea. Fenilefrini iwepo kila chumba cha dharura, pamoja na karatasi ya dozi. Kliniki za selimundu ziwafundishe wavulana mapema kuhusu priapismu na mpaka wake wa saa 4, kabla hayajawakuta, wazazi wao wakiwa wamekaa pale pale. Na kila hospitali inayoweka stenti iwe na daftari lake, likaguliwe kama zinavyokaguliwa dawa.

Rasimu ya karatasi ya ukutani ninayo. Ni ya ukurasa mmoja, imeandikwa kwa lugha ambayo mhudumu aliyechoka saa tisa usiku ataielewa akiisoma mara moja. Nipangie siku, nitaileta mwenyewe.

Wako katika kazi,
Muuguzi wa wodi ya njia ya mkojo