Athumani, betri za tochi usizinunue kwa kusoma maandishi

Ndugu yangu Athumani,

Assalaam alaykum. Barua yako ya kuuliza betri za kuchaji za tochi za walinzi wa shule nimeipata na nimeisoma mara mbili. Kabla hujapanda basi la Kariakoo, nakuomba jambo moja: zile betri za lithiamu za 18650 (hiyo ni namba ya ukubwa wake) zilizoandikwa 9900 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobebwa, ziache hapohapo zilipo. Wala sisemi kwa sababu ya bei. Betri ya ukubwa ule yenye chaji ile haijatengenezwa bado na kiwanda chochote. Seli, yaani betri moja moja, nzuri kabisa za 18650, za Samsung, LG, Panasonic, Murata au Molicel, zinafika kama 3500 mAh. Aliyeandika 9900 ameandika alichotaka, na mtu anayedanganya kwenye maandishi hutegemei awe mkweli kwenye vile vitu vya usalama vinavyokaa ndani.

Kwa hiyo nenda na mizani. Mizani ndogo ya jikoni inatosha, na ukikosa, sonara yeyote atakupimia. Seli halali ya 18650 ina gramu 45 hadi 49 hivi. Ukikuta ya gramu 30, ujue ndani mmewekwa kiseli kidogo na nafasi iliyobaki ni tupu. Ila angalia: zipo zilizopasuliwa zikakutwa zimejazwa unga au mchanga ili uzito ukaribie. Uzito mdogo unatosha kuikataa betri, lakini uzito sahihi hautoshi kuikubali.

Uzito sahihi pia unapatikana kwenye seli za laptop kuukuu zilizovuliwa, zikavalishwa nailoni mpya na kuuzwa kama mpya. Hizi ndizo zinazowapata watu wengi, kwa sababu seli yenyewe ilikuwa ya kweli, imechoka tu. Geuza betri utazame kitako. Seli za laptop huunganishwa kwa vibati vya chuma vilivyochomelewa, na vikibanduliwa vinaacha vidoa vidogo au mikwaruzo. Seli mpya ni safi pande zote mbili. Halafu ipime volti kwa mita papo hapo dukani: seli mpya kwa kawaida inakuja na volti 3.4 hadi 3.7. Iliyo chini ya 3 imekaa muda mrefu au imetumika vibaya, irudishe kwenye kabati lake. Muuzaji akikataa usipime, umeshapata jibu.

Tena ujue kwamba viwanda vyenyewe haviuzi seli moja moja kwa mtu wa kawaida. Huwauzia wanaotengeneza laptop, baiskeli za umeme na vifaa vya ufundi. Kinachofika dukani kimepitia mkono mwingine. Njia iliyo salama zaidi ni betri iliyofungwa na kampuni inayotengeneza tochi, kama Fenix au Nitecore, ambayo inachukua seli ya kiwanda kikubwa, inaiongezea bodi ya ulinzi na kuweka jina lake juu. Unalipa zaidi. Kwa walinzi wako ningelipa.

Hiyo bodi ya ulinzi ni kisahani cha saketi kinachobandikwa kitakoni, na ukanda mwembamba wa chuma unapita chini ya nailoni hadi upande wa chanya. Inakata umeme betri ikishuka karibu na volti 2.5, ikipandishwa kupita 4.2 na ushei, au ikipigwa shoti. Mlinzi akisahau tochi ikiwaka hadi asubuhi, bodi ndiyo inayoiokoa betri. Kasoro yake ni urefu. 18650 maana yake ni milimita 18 unene na milimita 65 urefu, lakini ikiwekwa bodi na kile kichwa cha chanya kilichotokeza inafika 68 hadi 70. Tochi nyingine hazimezi urefu huo: kifuniko hakifungi, au kinafunga kwa nguvu na springi inaiponda bodi. Kinyume chake kipo pia. Tochi zenye pete ya plastiki inayozuia betri kuwekwa kichwa chini zinataka chanya kilichotokeza; ukitia chenye kichwa bapa hakigusi kitu, na utadhani tochi imekufa. Pima ndani ya bomba kwa rula kabla ya kununua.

Kuhusu nguvu, usihangaike sana. Tochi ya lumeni 1000 (lumeni ni kipimo cha mwanga) inavuta kama ampea 3, na seli ya kawaida ya 3500 mAh, kwa mfano LG MJ1, inahimili hadi ampea 10. Shida inaanza kwenye zile tochi za taa tatu nne zinazovuta ampea 15 au zaidi. Huko bodi ya ulinzi inakata kila ukiwasha mwanga wa juu, na inabidi seli ya kazi nzito kama Murata VTC6 au Molicel P28A, ambazo chaji yake ni ndogo kidogo, 3000 na 2800 mAh. Mlinzi wa shule hahitaji mwanga wa kumulika mpaka ng'ambo ya bahari.

Sasa ile tochi yako kubwa ya betri mbili. Hii ndiyo iliyonifanya niandike haraka. Betri mbili zikipangana kwa kufuatana, mkondo mmoja unapita kwenye zote. Iliyo dhaifu inaisha kwanza, lakini mwenzake bado anasukuma umeme ndani yake, na volti zake zinashuka hadi sifuri na kugeuka, chanya kuwa hasi. Seli ya lithiamu iliyogeuzwa hivyo inaharibika ndani, inatoa joto na gesi, na gesi hiyo iko ndani ya bomba la alumini lililofungwa kwa mipira ya kuzuia maji. Haina pa kutokea. Ajali nyingi mbaya za tochi ni za namna hii: betri mbili, moja mpya na moja ya zamani, ndani ya bomba lisilopumua. Ukiweza, iuze hiyo tochi ununue ya betri moja ya 21700. Hiyo ni nene zaidi, milimita 21 kwa 70, na inabeba kama 5000 mAh. Ukiamua kubaki nayo, nunua jozi ya aina moja siku moja, ziandike kwa maka peni A1 na A2, zichajiwe pamoja na zitumike pamoja mpaka mwisho wa maisha yao. Kabla ya kuzitia kwenye tochi zipime. Tofauti ikizidi volti 0.05 baada ya kujaa, mojawapo imeanza kuchoka na jozi nzima imekwisha.

Uliuliza pia kama zile ndogo zinazolingana na mawe ya redio zinafaa tochi za kawaida. Hapana, isipokuwa maelezo ya tochi yenyewe yanasema hivyo. Hiyo ni 14500. Kwa umbo ni sawa na jiwe dogo la redio (AA), lakini jiwe lina volti 1.5 na hiyo ikijaa ina 4.2. Taa inaweza kuungua mara moja. Na CR123A, ile fupi nene ya volti 3, si ya kuchaji kabisa. Ya kuchaji inayofanana nayo inaitwa 16340, na ukitia mbili kwenye tochi ya CR123A mbili unaipelekea volti 8.4 badala ya 6.

Chaja. Nunua yenye kila tundu linalojitegemea, na yenye kuonyesha volti. Usikubali chaja ya bure inayokuja na tochi, kile kiplastiki chepesi kinachochomekwa moja kwa moja ukutani; nyingine haziachi kusukuma umeme hata betri ikijaa. Namna ya kuijaribu chaja ni rahisi: betri ikishajaa, itoe uipime. Inatakiwa isome kati ya 4.15 na 4.20. Ikisoma zaidi ya 4.25, chaja hiyo usiitumie tena hata kwa majaribio. Kasi ya kuchaji iwe nusu ya chaji ya betri au chini yake: ampea 1 hadi 1.5 kwa 18650, ampea 2 kwa 21700, na 0.3 hivi kwa zile ndogo. Betri ikiwa ya moto usiichaji, subiri ipoe. Kikomo cha viwanda vingi ni nyuzi 45, na chumba cha mlinzi chenye bati bila dari mchana wa Tanga hakiko mbali na hapo. Bahati nzuri walinzi wanafanya kazi usiku, basi betri zichajiwe asubuhi watu wakiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au kigae. Isiwe juu ya godoro, meza ya mbao yenye karatasi, wala mlangoni ambako moto ukitokea utawazuia kutoka.

Betri zikifika nyumbani zifanyie jaribio la wiki mbili: zijaze, zipime, ziweke kando bila kuguswa, kisha zipime tena. Nzuri hubaki juu ya 4.1. Iliyoshuka chini ya 4.0 inavuja umeme ndani kwa ndani, na hiyo si ya kubembeleza. Chaja yenye kipimo cha uwezo nayo itakusaidia: ikikuambia betri ya 3500 imetoa 2000, umeuziwa kuukuu.

Kuna mtindo wa mafundi wa "kuiamsha" betri iliyokufa kwa kuigusisha waya na betri nzima. Nakukataza kabisa. Seli ikishuka chini ya volti 2 na kukaa hivyo, shaba iliyo ndani inaweza kuanza kuyeyuka kwenye maji ya betri, na ukiichaji tena inajijenga kama vinyuzi vinavyoweza kutoboa utando unaotenganisha chanya na hasi. Itachaji vizuri tu leo na kesho. Iliyo chini ya volti 2, itupe.

Nailoni ya nje nayo wengi wanaidharau. Mwili wote wa betri ni hasi, mpaka kwenye ukingo wa juu unaozunguka chanya. Kinachowatenganisha pale ni pete ndogo ya karatasi na hiyo nailoni. Ikichanika juu, ukingo ukigusa chuma cha tochi, shoti. Nailoni mpya inayosinyaa kwa joto ni rahisi, na drai ya saluni inatosha kuibana. Isipite milimita mbili kwenye kichwa, na ile pete usiisahau chini yake. Betri ya akiba isitembee mfukoni na funguo. Vikasha vya plastiki ni vya bei ndogo, nunua kimoja kwa kila mlinzi. Zile za akiba ya muda mrefu ziweke na volti 3.7 au 3.8, mahali pasipo na joto. Zikikaa zimejaa zinazeeka haraka.

Waeleze walinzi na hili: tochi ikiwa ya moto bila sababu, ikitoa mlio wa kuvuja au harufu tamu ya kemikali, wasiifungue kutazama. Waitupe nje kwenye mchanga na wasogee mbali. Moshi wake una gesi ya floraidi inayochoma mapafu. Ikiwaka moto, maji mengi kutoka mbali yanasaidia kuipoza isiambukize zingine.

Zipo pia za lithiamu chuma fosfeti, volti 3.2, ambazo ni tulivu zaidi kwenye joto, ila chaji yake ni kama nusu, zinataka chaja inayoishia 3.65, na tochi nyingi zitafifia nazo mapema. Kwako sioni haja.

Nipimie urefu wa ndani wa bomba la zile tochi tano, tangu springi mpaka kichwani, na uniambie kama kuna pete ya plastiki pale juu. Ukinipatia hayo kabla ya Ijumaa, nitakuandikia aina kamili za kutafuta. Wasalimie mama na watoto.

Wako,
Idrisa