Kwa wanangu mnaokaa Jambiani, Zanzibar, na kulipwa Ulaya

Assalamu alaykum wanangu,

Nakuandikieni nyinyi mliozaliwa Uingereza kwa wazazi wa hapa, mkarudi na kompyuta mgongoni: mwajiri kule, kitanda huku. Nimefurahi mmerudi. Kijiji kilikuwa kimebaki cha wazee na watalii.

Nianze na kosa langu. Chumba changu cha uani alikaa mwalimu wa skuli, laki moja kwa mwezi. Akaja mmoja wenu, bei hakuuliza. Akanitajia dola mia tatu kwa mwezi, na ya mwaka mzima mkononi. Mwalimu nikampa wiki mbili. Sasa anatoka Makunduchi, anafika suruali imejaa vumbi mpaka magotini, na akinipita hunisalimia shikamoo kama kawaida. Bora angenitukana.

Kwenu mia tatu hailipi hata kitanda cha London, ndiyo maana hamuulizi. Lakini jirani yangu alisikia, naye akapandisha. Kisha nyinyi hao hao nawaona pwani mnamkatalia muuza pweza elfu moja yake! Geuzeni. Kwa muuza pweza legezeni mkono. Kwa sisi wenye nyumba kazeni. Ulizeni wenyeji wanalipa kiasi gani, mlipe karibu na hapo, miezi mitatu mitatu, kwa shilingi, na karatasi aijue sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini. Kanuni za serikali za 2025 zimeshakataza kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo anayekudai dola mwambieni hivyo, hata akiwa mimi.

Karatasi nyingine ni zenu. Tanzania haina uraia pacha. Pasipoti ya Uingereza hapa ni ya mgeni, hata kama bibi yako kazikwa Jambiani, na viza ya matembezi si ruhusa ya kazi. Zikitimia siku 183 katika mwaka wa mapato, sheria ya kodi inakuhesabu mkaazi. Nendeni uhamiaji na kwa mhasibu wenyewe, kabla hamjafuatwa.

La mwisho ni saa. Wakati wa baridi yao, saa tatu asubuhi ya London huku ni saa sita mchana. Mnafunga kazi saa mbili usiku, magharibi imepita na barazani hamuonekani. Basi asubuhi ni yenu. Maji yakipwa, shangazi zenu wako kwenye vigingi wanafunga mwani, kazi ya mwambao huu tangu 1989. Mnawapiga picha kutoka mchangani. Vueni viatu, mshike kamba japo nusu saa. Watakuchekeni vidole, kisha watakuulizeni mama yenu ni nani.

Mkataba wa chumba changu unakwisha mwezi ujao. Nimeshamwambia mwalimu arudi, laki moja ile ile. Wewe uliyomo ndani, mwanangu, usinikasirikie. Nitakutafutia kwengine, na chai ya alasiri ipo palepale uani.

Babu yenu