Zile karatasi za mazoezi zenye rangi

Mpendwa Mwalimu Rehema,

Salaam nyingi kutoka huku, sote hatujambo. Nimezitazama karatasi za sayansi ulizonitumia, zile zenye maneno mekundu ndani ya visanduku vya kijani. Kwamba yule kijana wa darasa la sita huyaruka maneno hayo hayo kila mara, na kwa mengine yote ni hodari, hainishangazi. Tafadhali usimhesabie uvivu; huenda ana upofu wa rangi.

Nyuma ya jicho, kwenye retina, kuna aina tatu za seli za rangi: moja huitika zaidi kwa mawimbi marefu ya mwanga, ya pili kwa yale ya kati, ya tatu kwa mafupi. Jeni za hizo mbili za kwanza, yaani maelekezo ya urithi ya kuziunda, zimo kwenye kromosomu X. Mvulana anayo X moja tu, aliyoipata kwa mama yake, na ikiwa na hitilafu hana nyingine ya kufidia. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, wanaume wapatao 8 kati ya 100 wako hivyo. Afrika kiwango huwa chini ya hapo, lakini ukiwa na wavulana hamsini darasani, mmoja au wawili si ajabu. Wanaona rangi, ila nyekundu, kijani na kahawia huwakaribiana mno.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Herufi ndogo, hata kwa mwenye macho mazima, husomeka kwa tofauti ya mwangaza kati yake na usuli, yaani rangi iliyo nyuma yake. Tofauti hiyo hupimwa kuanzia 1 hadi 21. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21. Maandishi ya kawaida yanahitaji angalau 4.5, na makubwa (pointi 18, au 14 yaliyokolezwa) angalau 3. Nyekundu kali juu ya kijani kibichi haifiki hata 3. Nyekundu hiyo hiyo juu ya nyeupe ni 4, bado pungufu. Njano juu ya nyeupe haizidi 1.1, hiyo usiiguse kabisa.

Lakini hesabu nayo ina mtego. Nyekundu juu ya nyeusi hupata 5.25, imefaulu, na bado mtoto asiye na zile seli za mawimbi marefu huiona nyekundu imefifia karibu na weusi wenyewe. Kwa hiyo chaki nyekundu kwenye ubao mweusi iache pia. Bluu juu ya nyekundu huwasumbua wote: jicho huzipinda rangi hizo mbili kwa viwango tofauti, na kingo za herufi huonekana kama zinacheza. Na kwenye matangazo kwa wazazi, kumbuka lenzi ya jicho hugeuka njano kadiri umri unavyosonga, na mwenye mtoto wa jicho hupata shida zaidi. Maandishi ya kijivu hafifu bibi hayaoni.

Marekebisho ni madogo. Maelezo yote yawe meusi juu ya nyeupe. Ukitaka nyekundu, tumia iliyokoza, msimbo wake wa rangi kwenye kompyuta ni #C00000, inayotoa kama 6.5 juu ya nyeupe. Kijani chukua #006400, kinapita 7. Ila hizo mbili zikikaa pamoja zinafanana mno kwa kijana huyo, basi kila rangi ipewe mwenzake: alama ya vema na ya kosa, neno “SAHIHI”, mstari chini. Kwenye grafu, mstari mmoja mzima, mwingine wa vidoti, na jina liandikwe juu ya mstari wenyewe. Swali la “taja sehemu yenye rangi nyekundu” libadilishe liwe “sehemu A”. Utafaidika pia kwenye fotokopi, maana mashine ya nyeusi na nyeupe huzigeuza rangi zako zote kuwa kijivu.

Kabla ya kuchapa, washa hali ya kijivu kwenye simu, mara nyingi iko sehemu ya ufikivu katika mipangilio, kisha ifungue karatasi. Neno litakalopotea, libadilishe.

Kuhusu kijana, usimwulize “hii rangi gani?” mbele ya wenzake. Zungumza na mama yake kwa faragha, wampeleke kliniki ya macho wampime kwa zile picha za vidoti zenye namba ndani, kipimo cha Ishihara. Hakichukui dakika nyingi, wala hadungwi sindano.

Nitumie karatasi ya hesabu niikague kabla hujaipeleka steshenari kuchapwa.

Wako,
Zuhura